Mkono Juu ya Sinia

Meja Fadhul alitaka hoteli yetu. Aliingia Jumamosi mchana, meza zote zikiwa zimejaa, akatangaza kwamba atakula kwanza, na akimaliza kula atafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo ni mali yake. Hakuna aliyebisha. Ilikuwa mwaka sabini na tatu, hapa Kampala, na mwanajeshi wa cheo kile akisema kitu ni chake, kilikuwa chake tangu neno lilipotoka mdomoni.

Nasema hoteli yetu, lakini kwa karatasi za serikali ilikuwa ya Bwana Asuman, muuza vitambaa wa Kibuli, aliyegawiwa hoteli hiyo Wahindi walipofukuzwa mwaka uliotangulia. Kabla yake ilikuwa ya Mzee Jetha, Mgujarati mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye aliondoka na mkewe na sanduku moja, akaacha masufuria yakiwa bado na moto chini. Mimi nilimfanyia kazi Jetha tangu sijaota ndevu. Shule niliiacha darasa la nne, nikaingia kwake kuosha vyombo, nikapanda mpaka kuwa weita. Watu wa ukoo wetu walikuja Buganda na misafara ya biashara wakati wa mababu, wakabaki na msikiti, Kiswahili na majina. Mali sijui aliila nani. Nilikuwa nalala chumba cha uani, mimi, mke wangu Salme na watoto. Hoteli ikienda, kazi inaenda, na chumba kinaenda siku hiyohiyo. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu Meja alipovuta kiti.

Lazima nieleze jinsi watu walivyokula mle, maana bila hilo hutaelewa kilichompata. Nyama haikuingia, wala yai. Mgeni aliketi, akawekewa sinia la chuma lenye vibakuli vidogo pembeni, na sisi weita tukapita na ndoo zetu: huyu dengu na viazi, huyu bamia na wali, na mwingine nyuma yao na chapati za moto na kijiko cha samli. Bei ilikuwa moja, na ulikula mpaka ushibe. Weita haulizi kitu. Anatazama sinia. Akiona kibakuli kitupu, anajaza. Mgeni aliyeshiba naye hasemi kitu. Anaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya sinia, kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo, na weita anampita.

Mzee Jetha alitufundisha kwamba maneno ya mgeni mezani si ya kutegemea. Mgeni akisema basi, basi, inatosha, hiyo ni adabu tu. Ana njaa ila anaona haya. Usimsikilize mdomo, tazama mkono. Weita aliyeacha kibakuli kitupu alikatwa mshahara. Weita aliyemwagia mtu dengu juu ya kiganja alifukuzwa, akisindikizwa na matusi ya Kigujarati mpaka barabarani.

Bwana Asuman hakubadilisha chochote. Alikuwa amekula pale miaka mingi kama mteja, na nadhani aliomba agawiwe hoteli ile ili asikose ule mchuzi wa mtindi. Wateja wapya nao hatukuwa na haja ya kuwafundisha. Mtu aliingia, akaketi, akatazama meza ya jirani, akaiga. Makarani, walimu, madereva, hata askari wa vyeo vidogo, wote walijifunza kwa macho, na kabla ya sinia la kwanza kwisha walikuwa wanafunika kama waliozaliwa Gujarat.

Meja Fadhul angejifunza vilevile. Lakini kitu cha kwanza alichofanya ni kuwatoa watu.

"Raia yote nje," alisema. "Mimi nakula peke yangu."

Watu walitoka kimya na haraka, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka. Karani mmoja wa posta alikunja chapati yake akaitia mfuko wa koti, samli ikimchuruzika pajani, akapita mbele ya Meja na uso wa mtu anayetoka mazishini. Weita wenzangu wawili walitoka pamoja na wateja, aproni na vyote. Nilibaki mimi, maana mimi nyumba yangu ilikuwa humohumo. Ningekimbilia wapi?

Meja alikuwa mtu mkubwa, shingo nene, na alikuwa na tabia ya kugusa kila kitu anachokitaka. Aligusa meza. Aligusa ukuta. Alifungua kabati la vikombe akalifunga. Nyuma yake alikuwa dereva wake, kijana mwembamba aitwaye Barnabé, mtu wa Zaire aliyeingia jeshini kwetu kama wengi wa kwao wakati ule, na bunduki yake aliibeba kama mtu aliyeachiwa mwavuli wa watu.

Bwana Asuman alikuwa kwenye meza ya kulipia na tasbihi yake. Meja alimwambia alete funguo. Zilikuwa zote kwenye waya mmoja ulioviringwa, funguo za mlango wa mbele, wa uani, za stoo na makabati, na hazikuwa na alama yoyote, kwa sababu Bwana Asuman alizijua kwa kupapasa. Aliziweka mezani kando ya sinia la Meja. Meja akamwambia aende kwake Kibuli akapumzike, na Jumatatu asijisumbue kuja. Mzee wa watu alinitazama. Nikatazama ndoo. Akavaa kofia yake, akatoka, na tasbihi akaisahau mezani.

Niliingia jikoni. Mpishi wetu alikuwa Dada Sitti, mwanamke mjane wa Kibuli, mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo. Zamani aliajiriwa kuchambua mawe kwenye dengu, na wiki za mwisho kabla ya kuondoka mke wa Jetha alimwita kando ya moto akamwonyesha kila kitu, wote wawili wakilia, na sikuweza kujua kama ni huzuni au pilipili. Nikamweleza mambo yalivyo. Hakuacha kukoroga.

"Amesema akimaliza kula?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema. Akimaliza kula anafunga mlango."

Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi.

"Basi, Uthman," alisema, "asimalize."

Nikamtazama kuona kama anatania. Alikuwa anatania na hatanii. Akanijazia ndoo ya dengu mpaka juu, akanisukuma mlangoni kwa kiwiko.

Nikaanza. Dengu, viazi, bamia, wali, chapati mbili, samli. Meja alitazama sinia akacheka kwa pua. Akamwambia Barnabé kwamba hiki ni chakula cha mbuzi, majani na punje, ndiyo maana Wahindi walikuwa na miguu kama njiti. Mtu mzima hashibi kitu hiki. Akaniambia nilete na niendelee kuleta, yeye atatuonyesha mwanajeshi anavyokula. Kisha akaanza kula, na lazima nikiri alikula vizuri, kwa mkono, haraka, bila kumwaga. Akafuta vibakuli vyote kwa kipande cha chapati mpaka vikang'aa.

Nikajaza.

Akatazama, akala, akafuta vyote. Nikajaza tena.

Baadaye nilijua kwa nini habakishi kitu. Katikati ya sinia la tatu alimsimulia Barnabé kwamba alipokuwa kuruta, wakati wa Waingereza, sajini mmoja Mzungu alikuwa akimkuta askari amebakisha chakula anakimwaga chini na kumlazimisha akile pale chini mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo yeye hajawahi kuacha hata punje kwenye sahani ya mtu yeyote, popote. Alilisema kwa fahari. Mimi nilisimama nyuma yake na ndoo mkononi, na nilimshukuru yule sajini, popote alipo.

Maana sasa tulikuwa tumeelewana vizuri bila kuelewana. Yeye hawezi kuacha kibakuli kikiwa na kitu. Mimi, kwa kazi yangu, siwezi kuacha kibakuli kikiwa hakina. Na meza ya jirani haikuwa na mtu wa kumfundisha.

Ilipofika sinia la nne alipunguza mwendo. Alifungua kifungo cha juu cha shati, kisha mkanda. Jasho lilimtoka kwenye utosi, kwa sababu Dada Sitti alikuwa ameanza kuongeza pilipili. Kila alipokohoa nilimmiminia mtindi wa baridi, na kila alipomaliza mtindi nilijaza kikombe. Pilipili, samli, mtindi, dengu. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na tumbo anajua hayo yakikutana yanazungumza nini.

Hapo akasema kitu kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Inatosha."

Nikasikia sauti ya Mzee Jetha masikioni kama amesimama pale. Nikamwekea dengu.

Meja aliinua macho. Alinitazama usoni muda mrefu akitafuta dharau, na hakuipata, kwa sababu uso wa weita hauna kitu ndani. Miaka yote ile nilikuwa nimeufanyia mazoezi. Nikamwambia kwa heshima kwamba asijilazimishe. Wiki iliyopita, nikasema, alikuja kapteni mmoja kutoka kambini kwao, akaomba ndoo yenyewe iletwe mezani.

"Kapteni gani?"

"Jina sikulishika, Meja. Ni mtu mwembamba tu."

Akavuta sinia karibu.

Wakati huo Barnabé alikuwa amesimama mlangoni na harufu yote ile ikimpitia puani. Dada Sitti alimwona kupitia dirisha la jikoni akimeza mate. Akamwita kwa kidole. Barnabé akaomba ruhusa, na Meja, ambaye sasa hakupenda kufungua mdomo bila sababu, akampungia mkono aende. Kijana akaingia jikoni, akaegemeza bunduki kwenye gunia la mchele, akaketi kwenye kigoda. Nilikuwa naingia na kutoka kujaza ndoo, kwa hiyo mengine niliyaona na mengine Dada Sitti alinisimulia.

Alikula kama mtu ambaye kambini hawamhesabu. Dada Sitti alijaza, akala, akajaza, akala. Kisha akaanza kucheka, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, inatosha sasa. Tumbo imejaa kabisa." Dada Sitti akamwekea viazi. Kijana akapiga kelele ndogo ya kuomba huruma. Hapo Dada Sitti akamshika mkono wa kulia, akamgeuza kiganja chini, akamwekea juu ya sinia.

"Hivi," alimwambia. "Ukitaka tuache, fanya hivi. Maneno hatusikii."

Barnabé alitazama mkono wake. Akatazama dirishani, akaniona mimi nikimimina, akamwona bosi wake ameinamia sinia kama mtu anayesukuma gari kwenye matope. Akili yake ilikuwa nyepesi.

"Na patron anajua hii?"

"Hajauliza," alisema Dada Sitti.

Kijana akafikiri. Angeweza kutoka hatua chache, akainama, akamnong'oneza mkubwa wake, na mambo yangeishia hapo: mkono juu ya sinia, mlango kufungwa, mimi na Salme na watoto barabarani na magodoro. Badala yake akaupeleka mkono wake mdomoni kuficha meno.

"Basi na mimi sijasikia," alisema. Akaondoa kiganja, akaomba viazi kidogo tena, kwa kuwa, alisema, patron bado anaendelea.

Nikarudi na ladu, zile tamutamu za mviringo za unga wa dengu na sukari, ambazo, kwa jinsi sukari ilivyokuwa imeadimika, tulizitoa kwa wageni wa heshima tu. Meja aliziangalia kama mtu anayeangalia mabomu. Akala moja. Akala ya pili. Kisha akaacha kutafuna, na macho yake yakawa ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Choo," alisema.

Nikamwambia kiko uani, nyuma ya jikoni, upande wa kushoto, ila kimefungwa. Huwa tunakifunga kwa sababu madereva wote wa steji ya teksi walikuwa wanakifanya chao.

Akasimama. Akaketi. Akasimama tena kwa uangalifu, akanyakua funguo kando ya sinia, akapita jikoni kwa hatua fupifupi za mtu aliyebana karatasi katikati ya magoti. Mimi nilimfuata. Ndoo ya dengu nilikuwa bado nimeishika, na naapa sikuwa nimeibeba makusudi.

Mbele ya mlango wa choo alipekua zile funguo.

"Ipi? Ipi?"

"Ule mdogo wa shaba, Meja," nilisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Ila funguo ndogo za shaba zilikuwa tatu. Mmoja wa stoo ya mchele, mmoja wa kabati la samli, mmoja wa choo. Bwana Asuman angeupata gizani kwa kidole gumba. Meja, ambaye alikuwa na funguo zote za hoteli mkononi na hoteli yenyewe nusu saa mbele yake, alijaribu wa kwanza ukagoma. Akajaribu wa pili ukaingia nusu, ukakwama. Akauvuta kwa hasira, waya ukamponyoka, funguo zikaanguka chini.

Ili kuziokota ilimbidi ainame.

Sitasema zaidi. Kulikuwa na sauti, kisha hapakuwa na sauti. Dirisha la chumba chetu lilikuwa wazi, na nilimwona Salme akilifunga polepole kutoka ndani kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri.

Meja alibaki amenipa mgongo. Alipozungumza hakugeuka.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Meja."

"Nani mwingine iko hapa?"

"Hakuna mtu, Meja."

Niseme ukweli, hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa nafurahi kama mtoto. Sasa nilikumbuka kwamba mtu wa aina ile alikuwa na bastola kiunoni, na gari mbele ya mlango, na kwamba buti la gari lile, ambamo watu siku zile walitiwa wasirudi tena, lingenitosha hata nisingekunja sana magoti. Nikaweka ndoo chini. Nikaokota funguo, nikafungua choo kwa ule wa tatu, nikamletea ndoo nyingine, hii ya maji, na sabuni, na taulo za Salme. Kisha nikaingia chumbani nikatoa suruali yangu ya Idi, ya kijivu, iliyoshonwa na fundi wa Kibuli, nikaipitisha juu ya mlango.

Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, suruali ilimwishia juu ya kifundo cha mguu, na kiunoni haikufunga kabisa. Ilishikiliwa na mkanda wa jeshi na heshima ya cheo chake. Suruali yake mwenyewe aliniamuru niichome moto. Akavuta pumzi, akatazama uani, ukuta, paa, kila kitu alichokuwa amekigusa alipoingia.

Akaniambia kwamba hoteli hii ni chafu. Inanuka Wahindi. Si mahali pa ofisa. Mtu yeyote akiuliza, nimwambie Meja Fadhul alikuja, akakagua, akaikataa mwenyewe. Nikamwambia ndivyo nitakavyosema, na kila atakayeuliza atapata maneno hayohayo. Tukatazamana. Alijua kwamba mwenye hoteli angelazimika kuingia mle kila siku na kuwaona watu wanaojua. Nami nilijua kwamba anajua. Funguo zilikuwa mkononi mwangu na hakuziomba.

Hapo ingekuwa imekwisha, na ningekusimulia hadithi hii nikicheka mwanzo mpaka mwisho. Lakini uani kwetu hakuna njia ya kutokea barabarani. Ni lazima upite jikoni.

Barnabé alikuwa bado kwenye kigoda, mgongo kwa mlango. Sinia lilikuwa mapajani. Dada Sitti alikuwa ameinama juu ya sufuria akichota, na kwa mazoea ya mikono yake, bila kuinua macho, alizungusha upawa kuelekea kibakuli kilichokuwa kitupu. Kijana alikuwa na chapati mdomoni. Hakuweza kusema. Akaweka kiganja cha kulia juu ya sinia, taratibu, kama mteja wa miaka mingi. Upawa ukasimama hewani, ukarudi sufuriani.

Meja alikuwa amesimama nyuma yake. Mimi nilikuwa nyuma ya Meja. Niliona shingo yake nene ikitulia.

"Mkono tu?" alisema.

Barnabé aliruka kutoka kwenye kigoda, sinia likaanguka, vibakuli vikabingirika mpaka chini ya jiko. Dada Sitti alijifuta mikono kwenye kanga.

"Ndiyo desturi ya hapa, Meja," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo. "Mgeni akishiba, anafunika."

Meja hakumtazama Dada Sitti. Alikuwa anamtazama dereva wake.

"Na wewe unajua."

"Nimejua sasa hivi tu, patron," alisema Barnabé, na huo nao ulikuwa ukweli.

Kama angeishia hapo, labda. Lakini macho yake yalishuka, kama ya mtu yeyote yangeshuka, mpaka kwenye ile suruali ya kijivu na vile vifundo vya miguu viwili vilivyokuwa nje. Akakaza midomo. Mashavu yakamjaa. Akageuka upande akakohoa, lakini kikohozi hakitikisi mabega namna ile.

Meja akamwambia, kwa upole kabisa, "Twende kwa gari."

Barnabé akachukua bunduki yake kwenye gunia la mchele. Akamwambia Dada Sitti, "Aksanti, mama." Akatoka mbele, akamfungulia mkubwa wake mlango wa Landrova, akaingia upande wake, wakaondoka. Tulisimama mlangoni mpaka hatukuisikia tena.

Jumatatu Bwana Asuman alirudi kuchungulia tu, akakuta mlango wazi na dengu motoni. Nikampa funguo na tasbihi yake. Aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia Meja alikuja, akakagua, akaikataa. Alikwenda kusali rakaa mbili na hakuuliza tena mpaka alipokufa. Meja Fadhul alijipatia duka la viatu mtaa mwingine. Mara mojamoja Landrova yake ilipita mbele yetu bila kupunguza mwendo. Dereva alikuwa mwingine, mtu mnene.

Dada Sitti aliwauliza askari waliokuja kula. Mmoja alisema Barnabé gani. Mwingine alifunika sinia lake kabla ya kushiba, akatoka. Dada Sitti aliamua kwamba kijana alivuka mpaka akarudi kwao Zaire, na mtu yeyote akisema vinginevyo jikoni mwake alipigwa na mwiko. Mimi sikuwahi kusema vinginevyo.

Kwa hiyo hoteli ilibaki, na gharama yake ni hii. Suruali moja ya Idi, ya kijivu. Taulo mbili za Salme, ambazo hakutaka zirudi. Ndoo ya dengu, viazi vyote, chapati za mchana mzima, na samli iliyotakiwa kutufikisha Jumatano. Chakula cha wateja waliotolewa nje. Wote walirudi kulipa, isipokuwa yule karani wa posta. Weita wawili, ambao hawakurudi kazini. Na dereva mmoja, Barnabé, mtu wa Zaire, kijana wa miaka kama ishirini na mbili, ambaye alikula masinia mawili na nusu. Hatukumdai kitu.